Jumapili Juu ya Jumatano

Kutaisi, saa nane usiku wa kuamkia Alhamisi.
Theluji imelala juu ya jenereta,
na mimi Nugzar, fundi wa kompyuta wa hospitali,
nimekalia kiti kisicho na mgongo
mbele ya seva inayokoroma kama mlevi.

Nilitaka kusahihisha mgonjwa mmoja.
Mmoja tu. Nikasahau kuandika jina lake kwenye amri,
na amri ikapita wodi zote bila kubisha hodi,
ikawapa watu mia mbili na sita
damu ya kundi moja.

Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema.
Lakini fundi huweka ndoo ya pili:
nakala ya Jumapili, kwenye diski ndogo,
ndani ya soksi ya sufu, droo ya chini.

Mashine ikaniuliza kwa upole wa karani:
Hifadhidata yenye jina hili ipo tayari.
Iandikwe juu yake?
Ndiyo. Hapana.
Nilitafuta kitufe cha Ngoja kwanza.

Nikabonyeza.

Asilimia tatu. Asilimia kumi na moja.
Lamara, muuguzi wa zamu, akaleta chai
na kipande cha mkate wa tanuri, akasimama nyuma yangu.
Siku haipigi kelele inapofunikwa.
Sijui ilizama ipi kwanza, Jumatatu au Jumanne;
niliona mstari wa kijani ukirefuka, basi.

Damu zikarudi kwa wenyewe.
Nikacheka peke yangu kama mwehu.
Lamara hakucheka. Akanyosha kidole:
kitanda cha kumi na nne.

Vazha, miaka sabini na tisa, anapumua.
Supu bila chumvi saa kumi na mbili, sindano saa mbili.
Vazha yule yule tuliyemfunika shuka Jumanne mchana.
Na Tsiala wa wodi ya wazazi,
ambaye mapacha wake wanalia sasa hivi nyuma ya ukuta huu,
bado mjamzito, mwezi wa nane,
watoto hawana namba, hawana uzito, hawajaja.

Lamara akatoa daftari mfukoni mwa aproni,
kurasa zimelowa dawa na chai.
Akasoma, nikaandika.
Wa kwanza kilo mbili na gramu mia moja, wa pili kilo mbili kasorobo.
Wa pili alilia kabla ya wa kwanza.
"Hilo halina mahali pake," nikasema.
"Andika."
Nikaliweka kwenye safu ya mizio.

Tulipofika kumi na nne akafunga daftari.
"Huyu nimeshamfumba macho mara moja," akasema.
"Safari hii ni wewe."
Saa sita na dakika ishirini.
Sikujua tarakimu zina uzito
mpaka kidole kilipokataa ile sufuri.

Asubuhi akaja mjane wake, Dodo, kuchukua cheti.
Mtandao ulikuwa ukisuasua;
kompyuta ya dirishani ilikuwa ingali Jumapili.
Karani, kijana mgeni, akasoma alichokiona:
"Yupo kitanda cha kumi na nne, mama. Hali yake nzuri."

Dodo akakaa kwenye benchi.
Akafungua mkoba, akaufunga.
"Basi," akauliza, "nimletee supu?"

Niliyasikia hayo nikiwa mlangoni, koti mkononi.
Nilikuwa na maelezo yote: faili, saa, kosa langu.
Nikavua kofia tu.

Kanuni ya hospitali ni fupi:
nakala ikipita siku thelathini, ifutwe, nafasi ni ghali.
Leo ni ya thelathini na tatu.
Soksi ipo pale pale droo ya chini,
na ndani yake ni Jumapili jioni,
Vazha amesukuma bakuli pembeni,
ananung'unika kwamba wamesahau chumvi tena.