Kidato cha Nane

Bi Thuwaiba wa Mambo ya Kale kaja na utepe wa kupimia,
kalamu sikioni, viatu vimejaa tope la mikoko.
Mimi ndiye mlinzi wa magofu haya ya Kidakani,
kwa ujira wa kufyeka magugu mara mbili kwa mwaka.
Basi nikamtangulia.

Huu, nikamwambia, ndio msikiti.
Paa lilianguka kabla babu hajatahiriwa.
Kibla kingali wima, ila kimepasuka kati,
na mzizi wa mlandege umepita penye ufa
kama sindano katika kofia.

Vile vishimo kwenye nguzo ya kaburi
vilikuwa na mabakuli ya kijani, ya Uchina.
Yaling'olewa. Na nani? Na watu.
Kaburi sasa latazama kwa matundu.

Kisima bado kina maji, ya chumvichumvi.
Tia kidole hapa mdomoni pake:
mifuo hii haikuchongwa kwa patasi,
ni kamba. Kamba ya usumba na mikono ya wanawake
ambao hapana kitabu kilichowataja,
miaka mia juu ya mia,
wakivuta, wakisengenyana, wakivuta.

Akatia kidole. Akanyamaza kidogo.
Kisha akarudi kwenye utepe wake.

Kwenye ngazi za kushukia birika la udhu
akahesabu vidato: saba.
Akarudia, kwa sauti. Saba.
"Hapa pana pengo," akasema. "Cha nane kiko wapi?"

Shuleni niliishia kidato cha pili,
lakini cha nane nakijua.
Mwaka ule bei ya karafuu iliposhuka
hata wachumaji wakalipwa kwa muhogo,
baba, Kombo Mshindo, alikuwa akijenga chumba cha uani.
Usiku mmoja, yeye na punda wa kuazima,
wakaleta jiwe refu la matumbawe,
limebonyea katikati kama mto uliolaliwa.
Likawa kizingiti.

Mama hakuambiwa lilikotoka.
Ila tangu siku hiyo kila akiingia
huvua makubadhi nje,
hutanguliza mguu wa kulia,
na midomo yake hucheza.
Juzi nilimuuliza kwa nini.
"Sijui," akasema. "Uulize mguu."

Bi Thuwaiba angali akingoja.
Nikatazama nguzo, nikatazama mikoko.
Nikasema: andika kimeliwa na bahari.
Akaandika.

Jioni nilikawia mlangoni petu.
Nikavua mabuti ya serikali
nikakanyaga pale walipokanyaga wao,
maji ya udhu yakiwachuruzika vifundoni.
Jiwe lilikuwa na unyevu,
au nyayo zangu ndizo zilizotoka jasho.

Mama akauliza kutoka jikoni
kama mgeni alikula.