Sikio la Bi Chuma

Zile tatu za zamani nilizitafsiri mimi,
maikrofoni mkononi, shuka jeupe ukutani,
Maweni, nyuma ya duka la betri la Shebwana.
Jina la yule nahodha lilinikwama kooni,
nikambatiza Bi Chuma, na Malindi ikaridhia.
Bi Chuma wa sikio moja,
aliyelifunga Lango la Nyota kwa mgongo wake
na hakusema hata siku moja
la pili liliendea wapi.

Tulibishana miaka tisa.
Kadzo wa viazi karai: limekatwa na mume.
Vijana wa boda: limeungulia sayari ya saba.
Fundi Lali, aliyewahi kukwangua kutu kule Ngomeni,
kwenye majukwaa ya roketi yaliyosimama majini
kama heroe waliosahauliwa na kundi, akasema:
"Aliliuza. Watu huuza zaidi ya hapo."
Kila mtu alikuwa na sikio lake.

Kisha wakatuletea za kabla. Tatu pia.
Mwanzo wa ngoma ni lele, nikawaambia, tuvumilie.
Ya kwanza: baraza la sayari lajadili ushuru wa forodha
dakika arobaini.
Nilitafsiri mpaka ulimi ukaota ukoga.
Ya pili: Bi Chuma ana miaka sita,
ana mbwa wa bati anayejamba,
ana kitabu cha unabii kinachomtaja kwa jina.
Na sikio?
Mbwa.
Mbwa alilitafuna, mchezoni.
Ukumbi ukanyamaza kama nyumba iliyorudishiwa posa.
Kadzo akafunika sufuria.
Shebwana akarudisha shilingi kumi kumi,
kwa wenye kelele tu.

Sikulala. Nilijigeuza nikiwaza:
kosa si mbwa.
Kosa ni kudhani kila shimo ndani ya mtu
limechimbwa ili lifukiwe.

Ijumaa, ya tatu, niliingia bila daftari.
Nikaizima sauti yao yote.
"Waungwana, mliyoyaona juzi
ni ndoto ya mpishi wa chombo. Alikula pweza aliyelala."
Wakacheka. Nikapata upenyo.

Mfalme akafumbua kinywa ahutubie ushuru;
nikamtia deni la unga na sukari,
akawa anambembeleza mwenye duka hadi mwisho wa mwezi,
na lile jeshi nyuma yake, deraya za fedha,
likawa foleni.
Kitabu cha unabii nikakifanya daftari la vibarua
wanaochomelea Lango: jina, siku, ujira usiolipwa.
Nyota hazikumtaja Bi Chuma popote.
Alikuja kutafuta kazi, akaambiwa rudi kesho,
akarudi kesho.
Na yule adui wa barakoa nikamfanya mnyapara,
aliyemletea maji siku ya jua kali,
akasubiri anywe, akapokea kikombe,
ili atakapofungiwa nje ya Lango,
katika filamu tuliyokwisha kuiona mara ishirini,
iume upya.

Vita vya mwisho vikafika, vyombo elfu vikilipuka.
Nikasema: hizo ni cheche. Wanachomelea usiku.
Hivyo ndivyo Lango lilivyojengwa.
Fundi Lali akavua kofia, akaiweka pajani.
Midomo haikulingana na maneno hata kidogo.
Nani aliitazama midomo?

Likabaki sikio.
Picha ikamsogelea; bandeji, shingo inageuka polepole,
mbwa wa bati miguuni, kichwa chini.
Watu wote wameniangalia mimi, si shuka.
Nikaifunika maikrofoni kwa kiganja.

Jenereta ya Shebwana ikakohoa nje.
"Mume," Kadzo akanong'ona gizani. "Nilijua."
"Sayari ya saba," akajibu kijana wa boda.
Lali hakusema kitu.
Alilipapasa la kwake, kisha akacheka.