Chupa Isiyo ya Chai

Kabla kengele ya Walutheri haijalia
niko machinjioni na chupa ya chai
yenye maji ya chumvi, ya joto la tumbo la ng'ombe.
Nimeiandika kwenye plasta: SI CHAI.
Mlinzi Kiwelu alishawahi kujimiminia kikombe,
akauliza nani amesahau sukari.

Mringo ananiwekea ini lililokataliwa.
Kisu kikipita kwenye mirija ya nyongo
kinakwaruza, kama kinakata chokaa,
na wanatoka: bapa, wazito,
majani ya kahawa yaliyolowa.
"Ndeshi, hawa si wa kuchoma moto?"
Wa kuchoma. Nipe kumi kwanza.

Ukiwatia formalini wakiwa macho
hujikunja kama ngumi, na ngumi haisomeki.
Kwa hiyo nawalaza kwa mentholi,
harufu ya mafua ya utotoni,
ya mkono wa mama kifuani usiku,
hadi kingo zao ziache kutetemeka.
Ndipo kioo juu ya kioo, na uzi.
Nafunga kama barua nisiyotaka kuituma.

Osha. Osha tena. Mara ya tatu usiharakishe.
Rangi hii inaogopa mwanga;
nafunika visahani kwa karatasi ya fedha,
siku mbili gizani,
nami napita hapo kwa kunyata
kana kwamba kuna mtoto amelala.

Jioni ya tatu nazima taa, navuta pazia.
Umeme ukikatika sasa, nitalia.
Haukatiki.
Kijani.
Kamba mbili za neva, kichwani hadi mkiani,
na vipago vimekatiza kati: ngazi.
Ngazi ya baba kule Kibosho, ya kupandia darini
kwenye mahindi. Kipago cha tatu kilivunjika
mwaka alioumwa, hakuna aliyekitengeneza.

Huyu hana mlango wa nyuma:
alichokula hukirudisha kwa mdomo uleule.
Hana jicho. Ameishi ndani ya uchungu
na sijui kwa ngazi hiyo alikuwa akipanda wapi.

Asubuhi nikamwonyesha Mringo picha kwenye simu.
Akaigusa kwa kidole chenye mafuta,
ikakimbia, akaja mwanangu amevaa sare.
"Ndiye huyu?"
"Siye. Rudi nyuma."
Akarudi. Akatazama mpaka simu ikazima.
"Na bado niwachome?"
"Wachome," nikasema,
nikafungua chupa.