Mistari Mitatu

Nyeupe, buluu, nyeupe.
Upana wa kiganja, usizidi.
Kwanza kwangua gome kwa kisu butu,
taratibu, kama unayemnyoa mgonjwa,
usifike kwenye nyama ya mti.

Ndivyo alivyonifunza Otakar
mwaka ule theluji ilipokawia mpaka Mei
juu ya milima ya Jeseník.
Mimi na miaka yangu kumi na tisa,
yeye kashika kopo jeupe, mimi la buluu,
mkate mweusi ukivunjikavunjika mfukoni.
"Drahuše," aliniambia, "msafiri asimamapo penye alama
aione inayofuata.
Akisita, kosa si lake."

Tukapewa kilomita ishirini na nane.
Malipo: nauli ya treni, rangi, brashi mbili.
Majirani wakauliza, mwapata nini huko?
Nikawaonyesha vidole.
Buluu ilikuwa chini ya kucha zangu
hata siku nilipoolewa
(niliolewa na mwingine;
Otakar alipiga akodioni, tena vibaya).

Najua panapopanda ghafla ukishavuka chemchemi,
pumzi inapogeuka mali ya kuhesabiwa.
Najua jiwe linaloteleza hata siku ya jua,
na kichaka cha matunda meusi
yanayotia ulimi wino,
na mahali ambapo, sijui kwa nini,
kila mtu hushusha sauti.

Aulizaye njia hapotei, husema watu.
Haya, umuulize nani
ukungu umeshuka mpaka kwenye kope,
mtoto analia mgongoni,
na njia imegawanyika mara mbili, zote zimenyamaza?
Hapo ndipo nilipotaka kuwepo
bila kuwepo.

Kisha akaja mdudu, mdogo kuliko punje ya mchele,
akaandika yake chini ya gome.
Misonobari ikawa myekundu, ikawa ya kijivu.
Kisha misumeno.

Septemba nilipanda peke yangu
na makopo yote mawili.
Otakar alikuwa hospitali ya Šumperk,
nikimnyoa kila Alhamisi.
Penye kona ya tatu niliinua macho kutafuta alama,
nikakuta anga.
Anga tupu, kubwa mno, mahali isipostahili.
Kando ya barabara ya matrekta magogo yamepangwa,
na kwenye magogo: nyeupe, buluu, nyeupe.
Nyingine imelala kifudifudi,
nyingine imesimama wima kama mlango mdogo.
Nikakaa juu ya gogo. Nikala mkate.
Nililia kidogo, niseme kweli,
kisha nikahesabu.
Kumi na nne.

Alhamisi nilimweleza, povu likiwa bado shavuni.
Alifumba macho muda mrefu
nikadhani amelala.
"Chimbia nguzo," akasema.

Nguzo nimezichimbia na Radim,
kijana aliyeletwa na mahakama kwa saa arobaini
kwa ajili ya pikipiki isiyokuwa yake.
Saa zikaisha. Jumamosi iliyofuata
nikamkuta kituoni ameegemea sururu,
hakueleza, nami sikumuuliza.
Mstari wake wa kwanza
ulitiririka kama pua ya mtoto.
Otakar angecheka mpaka akohoe.
Otakar tulimzika Februari,
ardhi ngumu, wachimbaji wakitukana chini chini.

Leo tumepaka ya kumi na nne.
Magoti yangu yanalia kama bawaba.
Kati ya visiki, miche ya mivinje imefika kifundoni,
haijui lolote.
Akapita mwanamke mmoja na fimbo mbili, ana haraka,
ameitegemea nguzo yetu kufunga kamba ya kiatu.
Radim akataka kumpigia kelele, rangi mbichi!
Nikamshika mkono.
Yule akatazama kiganja chake,
akajifuta kwenye suruali,
akainua macho, akaiona inayofuata,
akaenda na buluu yetu
sijui mpaka wapi.