Tazama Pembeni

Wino uliganda usiku ule.
Shushanik akanipa penseli
iliyotafunwa ncha na mtu nisiyemjua.

Januari, mwaka wa pili wa giza.
Kule bondeni Yerevan ilikuwa imezimwa
kama jiko lililomwagiwa maji.
Umeme saa moja kwa siku, na saa yenyewe
haikujulikana itabisha hodi lini.
Mkate wa mgao, gramu mia mbili na hamsini.
Tulikwisha kuchoma rafu za maktaba,
kisha viti, kisha majarida ya zamani;
Shushanik akisoma kila ukurasa kabla ya kuutia motoni,
kama anayeaga maiti.

Baba yangu, Galust, fundi wa kituo,
aliing'oa mota ya darubini
akafunga mpini wa mashine ya kusagia nyama.
"Itazunguka," alisema. "Mkono nao ni umeme."
Akakaa chini yake na glavu zisizo na vidole,
akizungusha polepole, akihesabu kwa kunong'ona,
aende sawa na mbingu, isimkimbie.

Shushanik alipanda ngazi, akaweka jicho,
akanyamaza hata nikadhani amesinzia.
Kisha: "Njoo."

Sikuona kitu.
Weusi, nyota tatu za kawaida,
na pumzi yangu ikitanda kwenye kioo.
"Usiikodolee. Hii haitaki kukodolewa.
Tazama pembeni kidogo,
kama unavyompita sokoni
mtu mliyegombana."

Nikatazama pembeni.
Ikaja.
Siwezi kuiita nuru. Ilikuwa pungufu ya nuru,
ukungu wa pumzi dirishani
mtu mwenyewe keshaondoka.
Mkono mmoja ukajikunja. Wa pili ukaufuata.
Maziwa yaliyokorogwa mara moja yakaachwa.
Miaka milioni thelathini njiani,
na mimi nilipogeuza jicho niilaki
ikazama.

"Ikoje?" Baba aliuliza kutoka chini.
"Ina mikono."
"Mingapi?"
"Miwili. Labda mitatu."
"Mimi ninao mmoja tu na umekufa ganzi," akasema,
akaendelea kuhesabu.
Hakupanda. Angeachia mpini
mbingu yote ingeteleza.

Saa tano na dakika kumi umeme ukarudi.
Tulisikia kelele za shangwe zikipanda toka kijijini,
kisha bonde zima likawaka,
na anga ikapauka kama kitambaa cha kufuliwa.
Shushanik aliapiza, neno moja, chafu.
Halafu nisidanganye:
tulikimbia sote watatu
kuwahi kuchemsha maji.

Daftari ninalo. Mchoro wangu ni mbaya,
konokono wa mtoto wa shule.
Lakini pembeni pana doa,
dole gumba langu lilipopitia penseli,
na hilo doa ndilo linalofanana nayo.

Picha ya Baba imo humo humo.
Nikiikazia macho naona shati, naona masharubu,
simwoni.
Ila kuna siku namenya viazi,
akili yangu iko kwenye bei ya gesi,
nasikia mtu ananong'ona
mia nne na sita,
mia nne na saba,

nami sigeuki.