Nyimbo Kumi na Mbili za Muhija Mapande

Nimezinunua zote kwa shilingi elfu tatu,
Newala, kwenye kibanda cha fundi simu.
Kijana akaniuliza, "Muhija Mapande ndiye nani?"
huku akizihamishia kwenye flashi, moja moja,
kama anayehesabu mayai ya watu.

Sikumjibu. Ningeanzia wapi?
Ningeanzia kwenye kanda ya shangazi yangu Somoe,
iliyofutika maandishi yakabaki BORA ZA MUH,
iliyolala ndani ya kopo la maziwa ya unga
msimu wa kupuliza mikorosho, maana salfa
huingia popote: kwenye ugali, kwenye kope, kwenye redio.
Ningeanzia kwenye betri zilizoanikwa batini
pamoja na makopa, zikisubiri jua liwahurumie wote.
Kwenye kalamu ya biki iliyotiwa tunduni
kuikaza kanda sauti ilipoanza kulewa.

Sasa ni usiku, niko ghalani,
magunia yamenizunguka, mzani umelala,
na spika ndogo inanifichulia
yale ambayo redio ya Somoe iliyameza.
Kumbe kwenye wimbo wa tatu kuna mtu anakohoa.
Kumbe kabla ya neno la juu Muhija huvuta pumzi,
fupi, kama anayejitwika mzigo bila msaidizi.

Sauti yake haikuwa ya kubembeleza.
Ilikuwa na mchanga kidogo,
kama maji ya mwisho mtungini:
huyachuji, unayanywa hivyo hivyo,
na ule mchanga ndio unaokumbuka.
Kwenye wimbo wa nne gitaa linamtangulia,
yeye hana haraka,
anakuja nyuma, mwenye nyumba
aliyebaki na ufunguo.

Wa tano siupendi. Sijawahi kuupenda.
Walioziita hizi bora waliusahau ule wa mvua,
ambao shangazi aliuimba akipepeta,
na sasa sina pa kuusikia.

Lakini wa sita.
Wa sita ndipo upande wa kwanza ulipoishia.
Kanda ilimkatikia mdomoni:
*Chukua vyote bwana, ila nirudishie*
tak! kitufe kinaruka chenyewe,
na Somoe, bila kuinua macho kwenye ungo, anamalizia:
"Ndoo yangu!"
Tulianguka kwa kicheko, watoto na watu wazima,
kwa sababu Ligunda alipoondoka kwenda Masasi
aliondoka kweli na ndoo,
na Newala ya siku zile maji yalikuwa bondeni,
kushuka alfajiri, kupanda jua la utosi.
Kila jioni, tak! Kila jioni, ndoo.
Kisha anageuza kanda.

Usiku huu wimbo wa sita haukukatika.
Baada ya *nirudishie* likaja neno
nililokuwa sijalisikia miaka thelathini na miwili:
*jina langu.*
Halafu dakika mbili nzima ambazo sikujua zipo,
gitaa peke yake, wanawake wakiitikia kwa mbali,
na Muhija anarudi chini kabisa, karibu aongee,
*jina langu, bwana, lile la kwetu.*

Nikaiweka kalamu juu ya daftari la mizani.
Shangazi yangu aliandikwa Mke wa Ligunda
hata kwenye kadi ya zahanati,
miaka kumi na moja baada ya talaka.
Alikuwa ameucheza wimbo huu ujanani, Lindi,
bendi ikiwa mbele yake,
kabla kanda haijafika kwetu.
Alijua unaishaje.
Siwezi kuapa. Lakini nadhani alijua,
akatupa ndoo, tucheke.

Nikaurudia. Nikaurudia tena.
Mara ya tatu, lilipofika lile neno,
mdomo wangu ukamtangulia Muhija,
kwa nguvu, ghala zima:
"Ndoo yangu!"

Nje, mlinzi Chipojola akamulika tochi dirishani.
"Karani, ndoo gani imeibwa?"