Pindo la Papa Probino

Nilimpima siku ileile walipomchagua:
shubiri tano kifuani
na kidole kimoja cha ziada, cha kupumulia.
"Teodota," akaniambia, "usiharakishe.
Kaisari naye hana haraka."
Akacheka. Meno yake yote yalikuwa bado yapo.

Maana Roma ilikwisha kuchagua, lakini Roma haitoshi.
Sharti barua ivuke bahari hadi Konstantinopoli,
ipite mikononi mwa makarani wenye njaa ya dhahabu,
irudi na ndiyo.
Bila ndiyo hiyo hakuna mafuta, hakuna kiti,
hakuna joho langu jeupe mwilini mwa mtu.

Nikalilaza kashani na majani makali ya kufukuza nondo.

Mto Tiberi ukapanda hadi ghalani, ukashuka,
ukatuachia tope na nyoka waliovimba.
Probino akapandisha kanzu magotini,
akazoa tope kwa ndoo pamoja na wachukuzi.
Ngano ya Sisilia haikufika.
Mkate wake akaukata nusu, kisha nusu ya nusu;
wajane wa ng'ambo ya mto wanajua ulikokwenda uliobaki.
Waliokuwa wakichoma sanamu za marumaru wapate chokaa
aliwaomba wamwachie mkono mmoja,
akauweka mlangoni pake, upepo usiubamize.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, husema watu.
Mimi sikuona tumbo. Niliona mbavu.

Mwezi wa kumi na moja mjumbe akaingia na muhuri.
Nikafungua kasha, nikamvika.
Joho likammeza hadi ncha za vidole.
Usiku kucha nikakunja, nikapiga bandi, nikashona:
shubiri tatu na nusu.
Kile kidole cha kupumulia sikukiondoa.

Alikuwa Papa siku kumi na tisa.
Alitia sahihi hati mbili: moja ya kufukua kisima,
moja ya kumsamehe mwokaji deni.

Sasa wamemchagua mwingine, mwana wa nyumba kubwa, mnene.
Nimefumua mishono yote, kitambaa kimerudi upana wake.
Lakini ukiliinua joho juani utaona
safu ya matundu madogo ikishuka ubavuni,
na mwanga unapenya.
Mkuu wa mavazi ameniamuru niyafunike kwa uzi wa dhahabu.
Nimemjibu kwamba uzi umekwisha.

Umejaa kikapuni.